Fedha ya kuokota irudishwe, lakini iandikwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nichangie mjadala ambao haukomi vijiweni, kwenye daladala na hata katika vikao vya familia: mtu akiokota fedha mahali pa watu wengi, azirudishe au abaki nazo? Mimi ni wakala wa huduma za fedha kwa simu hapa Mbagala, na kazi hii imenifanya nione fedha za watu zikisahauliwa juu ya kaunta, zikidondoka kwenye benchi la wateja na zikitumwa kwenye namba isiyohusika. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: fedha irudishwe. Lakini sikubaliani na wale wanaolifanya jambo hili kuwa mtihani wa moyo wa mwokotaji peke yake, kana kwamba mahubiri yakizidi basi fedha zitajipeleka kwa wenyewe. Katika mitaa yetu wapo wengi walio tayari kurudisha. Wanachokosa ni mahali pa kuzipeleka ambapo zitahesabiwa mbele yao na kuandikwa.

Hoja inayosikika zaidi kutoka kwa wanaotaka kubaki nazo ni ya riziki. Husema kwamba Mungu hamtupi mja wake, na kwamba aliyepita njia hiyo akaona kilichofichika machoni pa wengine mia amepewa yeye. Hoja hii ina utamu wake, hasa kwa mtu aliyeamka hana hata nauli. Udhaifu wake ni kwamba inamtazama mpokeaji tu. Fedha iliyodondoka Kariakoo saa nne asubuhi haikushuka na mvua. Imetoka mfukoni mwa mtu ambaye muda huohuo amesimama mbele ya muuza jumla, anajipapasa na kujipapasa tena, na pengine si yake hata yeye, bali ametumwa na wenzake wa kijijini kuwanunulia bidhaa. Riziki inayopatikana kwa kumnyang'anya mwingine riziki yake, hata kama mkono wako haukuingia mfukoni mwake, inahitaji maelezo zaidi ya neno bahati.

Wengi pia hawajui kwamba sheria imelizungumzia jambo hili. Kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria za Tanzania, kinapofafanua maana ya wizi, kinamgusa hata mtu aliyeokota kitu kilichopotea na kukifanya chake. Kinachomsalimisha ni mambo mawili kwa pamoja: awe hamjui mwenye mali, na awe anaamini, kwa sababu za msingi, kwamba mwenye mali hawezi kupatikana. Kenya nao wanayo masharti ya namna hiyo katika kifungu cha 268 cha Kanuni yao ya Adhabu, kwa kuwa sheria hizi mbili zilitoka katika shina moja la enzi ya Mwingereza. Uzito wote uko katika maneno hayo ya sababu za msingi. Noti ya elfu moja iliyokanyagwa kanyagwa katikati ya soko haina jina wala anwani, na mtu akisema hakuona njia ya kumpata mwenyewe ataeleweka. Pochi yenye kitambulisho, au bahasha yenye risiti ya duka, au mfuko wenye simu ndani yake, hiyo inaongea, na aliyeificha hawezi kusema kwamba haikumwambia kitu.

Kwa hiyo sioni haja ya kuwasumbua watu kwa noti ndogo isiyo na alama yoyote. Aiokote, aulize waliosimama karibu, na asipopata jibu aitumie au aitie katika sanduku la sadaka. Hata wanazuoni wa Kiislamu husema kwamba kitu hafifu ambacho mwenyewe hatarudi kukitafuta hakihitaji kutangazwa. Mjadala wa kweli unaanza pale kiasi kinapokuwa cha kumliza mtu, au pale fedha inapokuwa ndani ya kitu kinachoweza kutambuliwa.

Dini zetu mbili kubwa zimelitazama suala hili kwa makini kuliko tunavyodhani. Katika hadithi iliyopokewa na Zaid bin Khalid al-Juhani, ambayo imo kwa Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliulizwa kuhusu kitu cha kuokota, akaelekeza kwamba mwokotaji akijue vizuri chombo chake na kamba iliyokifunga, kisha akitangaze kwa mwaka mzima, mwenyewe asipotokea anaweza kukitumia, na mwenyewe akija baadaye arudishiwe. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, waumini wanaambiwa kwamba mnyama wa ndugu yao akipotea wasijifanye hawakumwona, na kama ndugu huyo yuko mbali au hawamfahamu, wamweke nyumbani kwao hadi atakapokuja kumtafuta, na hivyohivyo kwa vazi na kila kitu kilichopotea. Tuangalie maagizo haya yana nini ndani yake: kuna utunzaji, kuna kutangaza, kuna alama ya siri ya kumjaribu anayedai, kuna muda maalumu. Huo ni utaratibu kamili wa kazi, haukuishia kwenye agizo la kuwa mwema.

Sasa niseme jambo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka. Watu waadilifu huziacha fedha barabarani kwa hofu, na hofu zao zina sababu. Kuna hofu ya chuma ulete, kwamba noti iliyoachwa njia panda imetegwa na ukiiingiza ndani itaondoka na zote ulizo nazo. Wasomi hucheka, lakini nimeona kwa macho yangu wateja wakiivuka noti kana kwamba ni nyoka. Kuna hofu ya matapeli, wale wanaoangusha bulungutu mbele yako, mwenzao akajitokeza kuliokota na kukuomba mkagawane kwenye kichochoro, na unapotoka huko umebaki na karatasi zilizofunikwa kwa noti moja juu, nao wameondoka na simu yako. Na kuna hofu kubwa kuliko zote, ya kurudisha laki tatu na kuambiwa zilikuwa laki tano. Bodaboda, konda wa daladala, dada wa kazi, hawa wanajua neno lao litapimwa vipi mbele ya neno la mwenye mali, na wanajua jinsi mtu anavyoweza kubambikiwa kesi kwa wema wake mwenyewe.

Nitatoa mfano mmoja kutoka kwenye kaunta yangu. Jioni moja ya mwisho wa mwezi, baada ya wateja kupungua, nilikuta chini ya benchi fundo la kipande cha kanga, lililofungwa mara mbili kwa namna wanavyofunga kina mama wa makamo, fundo juu ya fundo. Ndani yake kulikuwa na wekundu wa Msimbazi wengi, yaani noti za elfu kumi, pamoja na noti chache za elfu mbili zilizokunjwa peke yake, na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mwanafunzi, ikiwa na majina ya kwanza ya watu na alama ya vema mbele ya kila jina isipokuwa matatu. Mtu yeyote wa mtaani angejua hiyo ni fedha ya kikoba na aliyeipoteza ni mtunza hazina, ambaye usiku huo ana kazi ya kuwaeleza wenzake. Nikaipeleka kwenye ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Afisa wa zamu alizihesabu upesi, akafungua droo, akazitia humo na kunishukuru. Nilipoomba aniandikie hata mistari miwili kwamba amepokea kiasi fulani kutoka kwangu, alinitazama kwa mshangao akasema, "Mama yangu, mimi ndiye serikali, unataka karatasi ya nini?"

Sisemi kwamba afisa yule alikuwa na nia mbaya. Inawezekana kabisa kwamba angezitunza kama zake. Lakini siku mtunza hazina yule angefika pale na kumkuta afisa mwingine wa zamu, nani angejua fundo la kanga lilikuwa droo ipi na lilikuwa na kiasi gani? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao hawakuwa wakiwazungumzia wenye maduka peke yao. Nilizichukua tena, jambo ambalo halikumfurahisha, nikaenda kwa mwenyekiti wetu wa serikali ya mtaa. Yeye aliwaita wajumbe wawili, fedha zikahesabiwa mezani mbele yetu sote, kiasi kikaandikwa, tukatia saini wanne, bahasha ikagundishwa na mhuri ukapigwa juu ya mkunjo. Tangazo likabandikwa ofisini kwake na kwenye mlango wangu, likisema tu kwamba kimeokotwa kitu eneo la uwakala na mwenye nacho afike akieleze. Kiasi hakikutajwa, wala kanga, wala hata kwamba ni fedha.

Waliofika walikuwa zaidi ya mmoja. Kijana mmoja alidai pochi nyeusi ya ngozi, mwingine alisema bahasha ya kaki, na bwana mmoja mwenye heshima zake alitaja kiasi kwanza ndipo akauliza kitu chenyewe kilikuwa nini. Kisha akaja mama ambaye hakutaja kiasi kabisa. Alisema kuna karatasi, na kwamba majina matatu hayana vema kwa sababu wenyewe walikuwa wamesafiri. Bahasha ikafunguliwa mbele yake na mbele ya mashahidi walewale, naye akahesabu, akatia saini. Chombo na kamba, Mhariri. Agizo la karne ya saba lilifanya kazi Mbagala bila marekebisho yoyote.

Anayedhani kwamba wanadamu kwa asili hawawezi kurudisha fedha atazame utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Science. Watafiti walipeleka pochi zaidi ya 17,000 katika miji 355 ya nchi 40, Kenya ikiwa mojawapo, wakazikabidhi kwa wapokezi wa mabenki, hoteli, makumbusho, ofisi za posta na vituo vya polisi, wakidai wameziokota nje. Kila pochi ilikuwa na kadi zenye jina na barua pepe ya anayesemekana kuwa mwenyewe. Wengi walitarajia kwamba kadiri fedha inavyoongezeka ndivyo uaminifu unavyopungua, lakini ilitokea kinyume: pochi zisizo na fedha ziliripotiwa kwa takriban asilimia 40, na zenye fedha kwa asilimia 51. Marekani, Uingereza na Poland, ambako kiasi kiliongezwa hadi karibu dola 94 katika baadhi ya pochi, pochi hizo ziliripotiwa kwa asilimia 72. Maelezo ya watafiti ni kwamba watu humfikiria aliyepoteza, na pia hawapendi kujiona wezi, na kiasi kikizidi ndivyo wizi unavyozidi kuonekana kuwa wizi. Mimi naongeza la kwangu: hao walikuwa watu walioketi nyuma ya meza, wenye kazi inayojulikana, na pochi iliyobeba anwani. Njia ya kurudisha ilikuwa wazi mbele yao. Mpigadebe wa Mbagala Rangi Tatu hana meza wala barua pepe.

Japani wameigeuza njia hiyo kuwa sheria. Aliyeokota hupeleka kwenye kibanda cha polisi cha mtaa, ambavyo viko kila kona, naye hupewa hati yenye maelezo ya alichokabidhi. Mwenye mali akijitokeza, mwokotaji ana haki ya kudai zawadi ya kati ya asilimia 5 na 20 ya thamani. Asipojitokeza ndani ya miezi mitatu, fedha inakuwa ya mwokotaji, mradi aliiwasilisha ndani ya siku 7. Tokyo peke yake hupokea fedha taslimu za kuokota zaidi ya yen bilioni 3 kwa mwaka. Tumezoea kusikia kwamba Wajapani ni watu waaminifu kwa malezi, na sibishi, lakini malezi yale yanasaidiwa na kibanda kilicho karibu, hati mkononi na tarehe inayojulikana.

Kwa upande wetu wa dunia kuna kisa cha Liberia cha mwaka 2021, ambapo kijana mwendesha bodaboda aliokota takriban dola 50,000 barabarani na kumrudishia mfanyabiashara aliyezipoteza baada ya kumsikia akiomba msaada redioni. Wenzake walimcheka na kumtabiria kwamba atakufa maskini. Rais wa wakati huo, George Weah, alimzawadia dola 10,000 na kumfungulia njia ya kurudi shuleni. Ni habari ya kufurahisha, ila naiangalia kwa jicho la pembeni: nchi haiwezi kutegemea rais amzawadie kila mwokotaji, na ukiondoa Ikulu, kilichobaki katika kisa hicho ni kijana mmoja, redio moja na kejeli za kijiweni.

Kuhusu fedha inayoingia kwenye simu kwa makosa nitasema kwa ufupi, kwa sababu hapo hakuna la kujadili. Mwenye mali anajulikana tangu sekunde ya kwanza, jina na namba yake viko kwenye ujumbe, kwa hiyo ule utetezi wa kutomjua haupo. Anayeitoa haraka kabla muamala haujarudishwa anajua anachofanya, nasi mawakala tunajua pia tunapomwona akihema mbele ya kaunta. Tahadhari ni moja tu, kwamba matapeli nao hutuma ujumbe wa uongo wa kupokea fedha kisha hupiga simu kwa sauti ya kilio wakiomba warudishiwe. Basi mtu atazame kwanza salio lake, na hata akiikuta fedha kweli imeingia, asiitume kwenye namba anayotajiwa na mpigaji. Apige simu huduma kwa wateja ya mtandao wake ili muamala urudishwe kwa njia uliyojia.

Ombi langu kwa halmashauri zetu, na kwa wasimamizi wa sehemu kama Kariakoo, vituo vya mwendokasi na stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, ni kuwa na daftari la mali za kuokotwa lililo wazi kwa kila mtu, lenye safu ya mwokotaji, ya mashahidi, ya kiasi, na ya aliyekabidhiwa mwishoni. Mwokotaji apewe nakala yenye mhuri kabla hajaondoka mezani. Hiyo nakala ndiyo itakayomkinga na shutuma ya laki mbili zilizopungua, na bila hiyo sitamlaumu anayevuka noti na kuendelea na safari yake. Matangazo yataje mahali na siku, yasitaje kiasi. Na muda ukipita bila mwenyewe kupatikana, fedha arudishiwe mwokotaji, ama yote au sehemu kubwa yake.

Najua pendekezo hilo la mwisho lina wapinzani. Jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu ambaye namheshimu sana, anasema uaminifu unaolipwa si uaminifu tena, na kwamba tutawazoesha vijana kutenda wema kwa kutazama malipo. Nimemsikiliza, lakini siafikiani naye. Fedha isiyo na mwenyewe lazima iishie mikononi mwa mtu fulani, na kama haitaishia kwa aliyeiokota na kuijulisha jamii, itaishia kwa aliyeshika ufunguo wa droo, ambaye hakuokota kitu wala hakupoteza usingizi. Tena kijana anayejua kwamba baada ya miezi kadhaa anaweza kuzipata kihalali, mbele ya mashahidi na bila kujificha, ana sababu ndogo ya kuzificha leo.

Haki hiyo ya mwokotaji na muda wa kusubiri vitahitaji sheria, au angalau sheria ndogo za halmashauri, na najua mambo hayo huchukua miaka. Daftari halihitaji sheria yoyote. Kaunta buku moja ya dukani, kalamu, na mhuri ambao tayari uko mezani kwa kila mwenyekiti wa mtaa vinatosha kuanzia, na sisi mawakala, ambao wateja hutusahaulia vitu kila wiki, tuko tayari kuwa wa kwanza kuandika humo bila kusubiri waraka kutoka Dodoma.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wakala wa huduma za fedha,
Mbagala, Dar es Salaam